Tungo za Kale za Pemba na Hifadhi ya Miswada

Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba walioishi karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, walijulikana kwa kujibizana kwa mashairi. Tungo za zama zao zilirithishwa kwa mdomo na kwa nakala za mkono zenye hati za Kiarabu. Karatasi hizo huliwa na mchwa na kuozeshwa na unyevu wa pwani.

Mwaka 2011 zilitolewa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo huhifadhi miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda za sauti. Orodha yake, kazi ya J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Kwa mkaazi wa Wete au Mkoani, kuifikia ni safari ya kuvuka bahari. Mswada uliomo sandukuni nyumbani, hata uwe wa thamani kiasi gani, hauorodheshwi mpaka mwenyewe auonyeshe.