Maumbile yana mashoto

Ukifika alfajiri katika mwalo wa Kibirizi, pale Kigoma, macho yako yatakwenda moja kwa moja kwenye dagaa na migebuka, maana huko ndiko fedha iliko. Leo nataka tumtazame samaki mwingine wa ziwa hilo hilo, asiyegombewa na mchuuzi. Wataalamu wanamwita Perissodus microlepis. Ni mdogo, na kazi yake ni wizi: huwavizia samaki wenzake kwa nyuma na kuwanyofoa magamba ubavuni. Kwa ajili ya wizi huo mdomo wake umepinda. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto. Aliyepinda kushoto hushambulia ubavu wa kulia.

Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alieleza katika jarida la Science kwamba makundi haya mawili hukaa karibu nusu kwa nusu, mwaka hata mwaka. Kundi moja likizidi, samaki wanaoibiwa hujihadhari zaidi upande ule. Kundi kubwa linalala njaa, dogo linashiba na kuzaana, na mizani inarudi. Ziwa Tanganyika, basi, halipendelei kushoto wala kulia.

Mabingwa wa fizikia nao waliamini kwa muda mrefu kwamba ulimwengu wote una uadilifu wa namna hiyo. Walisema, litazame tukio lolote katika kioo, ambamo kushoto huwa kulia, na utakachokiona humo nacho chaweza kutokea kweli. Kwa umeme, na kwa nguvu inayofunga kiini cha atomu, jambo hilo lilikuwa limepimwa. Lakini kwa ile iitwayo nguvu dhaifu, inayofanya baadhi ya viini kutema elektroni, hakuna aliyekuwa amepima. Walidhani tu.

Mwaka 1956 Wachina wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, walipekua majaribio yaliyokwishafanyika wakaliona pengo hilo. Aliyekubali kulipima ni mama wa Kichina, Chien-Shiung Wu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alikuwa ameshapanga safari ya meli na mumewe. Akamwacha bwana aende peke yake. Yeye na wataalamu wa maabara ya serikali ya Marekani walichukua kobalti 60, wakaipoza hadi karibu kabisa na kikomo cha baridi, kisha wakaielekeza kwa sumaku ili viini vyake vizunguke upande mmoja, mithili ya pia za watoto. Kama kioo kilikuwa kinasema kweli, elektroni zingetoka sawa juu na chini. Hazikutoka sawa. Nyingi zilikimbilia upande mmoja. Januari 1957 habari ikatangazwa, na wakubwa wakashika vichwa.

Elektroni nayo hujizungusha kama pia. Ikienda mbele huku ikizunguka kama parafujo ya kawaida inavyokazwa, tunasema ni ya kulia. Ikizunguka kinyume, ina mashoto. Zinazotemwa na kiini huwa nyingi za mashoto. Pacha wake wa kinyume, positroni, yenye chaji chanya, aliyegunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932, hutoka kiinini akiwa zaidi wa kulia.

Hapa pana kitendawili kidogo. Nilipopanda Liemba miaka ile, tulipoupita mtumbwi uliokwenda tunakokwenda, ulionekana kama unarudi nyuma. Elektroni ni vivyo hivyo: ukiipita kwa kasi, mwendo wake utauona umegeuka ilhali mzunguko haukugeuka, na ya mashoto itaonekana ya kulia. Ndiyo maana wataalamu hutenganisha mashoto ya kuonekana na mashoto ya asili. Nguvu dhaifu inapotoa elektroni hutazama ya asili: elektroni ya mashoto, positroni ya kulia. Wakajifariji kwamba ukitazama kiooni na papo hapo ukabadili kila chembe kwa pacha wake, usawa utarudi. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch wakaonyesha kwamba hata hilo halitoshi wakati wote.

Kuna kijana wa Pakistani, Abdus Salam, aliyeufikia ukweli huu mapema. Septemba 1956, akiwa ndani ya ndege kutoka Marekani, aliwaza kwamba chembe iitwayo nyutrino huzunguka upande mmoja tu. Akapeleka wazo kwa Wolfgang Pauli, mzee aliyeogopwa na wanafizikia wote. Jibu likaja kwamba atafute jambo lililo bora zaidi. Baada ya kipimo cha Wu, Pauli aliandika kwa namna ya kuomba radhi. Salam alikisimulia kisa hicho mwenyewe alipopewa Nobel mwaka 1979. Kabla ya hapo, mwaka 1964, alikuwa ameanzisha kituo cha Trieste, Italia, ili wanafizikia wa nchi maskini wasikae wapweke.

Na Wu je? Nobel ya 1957 walipewa Lee na Yang. Yeye, aliyekesha na kobalti, hakupewa kitu. Mimi sijawahi kuusikia utetezi wa jambo hilo ukaniingia akilini. Zawadi ya Wolf ilimfikia mwaka 1978.

Msikilizaji wa Ujiji ataniuliza haya ya Columbia yanamhusu nini. Achukue ndizi moja sokoni. Ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo huoza yenyewe, viini kama 15 kila sekunde, vingi vikitema elektroni za mashoto. Asiogope, hata mwili wake unafanya hivyo. Mara moja moja, ndizi hiyo hiyo hutoa positroni, ya kulia. Haifiki mbali. Hukutana na elektroni ya jirani, na zote mbili hutoweka kwa mmweko usioonekana kwa macho, hapo hapo ndani ya kikapu.