Kumfundisha Mganga, na Kumtunza

Wale walio katika vikundi na wasogee karibu na redio, na mwenye kalamu aandike miaka tutakayoitaja.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mganga unayemkuta zahanati leo naye ameundwa. Basi twauliza: nchi hupataje watu wa kutibu na kukinga maradhi, na ikiisha kuwapata, huwatunzaje wasitawanyike?

Twende kwanza Tanganyika ya miaka ya 1920, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza. Madaktari walikuwa wachache, nao walikaa mijini na bomani, mbali na wanavijiji wengi. Kwa hiyo walichaguliwa vijana wa vijijini, wakafundishwa kwa muda mfupi hospitalini, kisha wakarudishwa kwao. Hao waliitwa madresa, maana kazi yao kubwa ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda. Walilipwa na serikali za wenyeji.

Shauri hilo lilikuwa jema, kwani tiba ilimfuata mgonjwa kijijini. Lakini lilikuwa na ila. Dresa akiisha kufika kituoni, aghalabu aliachwa peke yake. Dawa zilikuwa chache, na daktari wa kumkagua alifika kwa nadra. Mtu aliyejifunza kidogo, asipopata wa kumsahihisha, hata hicho kidogo humpotea. Wala kosa si lake peke yake.

Sasa tufike 1961, mwaka wa uhuru. Tanganyika ilikuwa na madaktari wenyeji 12 tu. Nchi haikuwa na chuo chake cha udaktari, na aliyetaka kusomea kazi hiyo alikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Mwaka 1963 chuo kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu.

Lakini ugonjwa haumngojei mtu amalize masomo. Kwa sababu hiyo Serikali haikutegemea madaktari peke yao. Ilifundisha pia waganga wasaidizi, waganga wa zahanati za vijijini, wauguzi, wakunga na mabwana afya. Tena iliweka ngazi: mganga msaidizi aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa aliweza kurudi darasani, akatoka daktari msaidizi. Angalieni faida yake. Mtu hukaa kazini akiona mbele yake pana pa kufika.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza katika vikundi, kwa kitabu na kwa redio, kama nyinyi mnavyofanya sasa, wakachimba vyoo na kusafisha maji. Bwana afya mmoja asingeweza kufika kila nyumba. Wanavijiji walipoelewa, wakawa mikono yake.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Fedha zilikuwa haba, Serikali ikapunguza watumishi na kuzuia ajira mpya. Hapo pakatokea jambo la ajabu: vijana walihitimu vyuoni wakakosa kazi, na huku zahanati zikakosa watu. Mzee aliyestaafu aliondoka na ujuzi wake, pasiwe na kijana kando yake wa kuupokea. Mwaka 2007 ulipoanza mpango uliotaka zahanati katika kila kijiji, swali la zamani lilirudi: jengo litasimama, je, nani atakaa ndani?

Hivyo twaona kuwa kazi ni mbili. Ya kwanza ni kumfundisha mtu. Ya pili ni kumpa mshahara, dawa, nyumba, mkaguzi mwenye busara, na nafasi ya kujifunza tena. Nchi ikifanya ya kwanza ikaiacha ya pili, imejaza maji katika mtungi uliotoboka.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini dresa aliyeachwa peke yake alipoteza ujuzi?
2. Ngazi ya masomo ilimsaidiaje mganga msaidizi?
3. Muuguzi akiletwa kijijini kwenu kesho, ni jambo gani litamfanya akae, na ni lipi litamfukuza?

Kwaherini, hadi somo lijalo.