Kabla ya Uchambuzi Kulikuwa na Majibizano

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne, awe wa Kenya au Tanzania, tarbia ni nini. Atakujibu bila kusita: ni shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti. Ukwapi? Anaujua. Utao, kibwagizo, uhuru wa kishairi? Vyote anavyo kichwani, na mifano juu. Sasa mpe karatasi tupu, umwambie atunge ubeti mmoja tu kuhusu duka la jirani yao. Wengi watakutazama kama umewaomba wajenge meli.

Jambo hili limenisumbua muda mrefu, maana ushairi wa Kiswahili haukuanza kama somo la kuchambuliwa. Ukifuatilia historia yake utaona kwamba kwa karne nyingi watu walijifunza kuandika kwa kutunga, na walitunga kwa kushika mkono wa mtu aliyewatangulia. Ninachotaka kusema katika makala haya ni kwamba tukitaka wanafunzi wetu waandike vizuri, iwe ni hadithi, insha au barua, hatuna haja ya kuagiza mbinu kutoka mbali. Zipo hapa hapa, tuliziacha njiani.

Tuanze na takhmisi. Neno lenyewe linatokana na tano kwa Kiarabu. Mshairi alichukua mistari miwili ya mtunzi wa zamani, akatunga mitatu yake, akaiunganisha na ile miwili mpaka ubeti ukawa wa mistari mitano. Ndivyo lilivyofanyiwa shairi maarufu linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Hebu fikiria kazi hiyo inadai nini. Huwezi kuongeza mistari mitatu juu ya maneno ya mtu kabla hujaelewa alichokusudia, sauti yake ikoje, na kina chake kinaelekea wapi. Kusoma na kuandika vinakuwa tendo moja. Halafu, la muhimu zaidi kwa anayeanza, hukai mbele ya karatasi tupu. Tayari mtu amekwisha kusema kitu, wewe unaingia kwenye mazungumzo.

Mbinu ya pili ni kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliishi wakati mji wake ukiwa chini ya Wamazrui, katika ugomvi na Lamu na baadaye na Seyyid Said wa Oman. Mashairi mengi ya wakati ule yalikuwa hoja, kejeli na vitisho vilivyovuka bahari kutoka mji mmoja hadi mwingine. Lamu nako walikuwepo wenye ndimi kali, akiwemo Zahidi Mngumi. Muyaka alitunga pia kuhusu mapenzi, njaa, urafiki na mambo ya kila siku ya mtaani. Yaliyosalia yaliokolewa miongo kadhaa baada ya kifo chake, pale Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliposaidiana na Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940 na William Hichens. Yaani beti hizo zilikaa vichwani mwa watu miaka yote hiyo. Sidhani zingekaa kama zingekuwa za kupamba tu. Zilikuwa na mtu wa kumjibu na jambo la kugombania.

Karne ya 20 majibizano hayo yakahamia magazetini. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 huko Dar es Salaam, likitolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Lilikuwa gazeti la wakubwa, hilo tusilifiche. Lakini lilifungua ukurasa kwa wasomaji kuleta mashairi yao, na hapo likatokea jambo ambalo sijui kama wakubwa wenyewe walilitarajia. Makarani, walimu na watu wa kazi nyingine, wa pwani na wa bara, wakaanza kutunga. Mmoja anatega fumbo, mwingine anafumbua, wa tatu anasema wote wawili wamekosea. Ukikosea vina, wenzako wanakusuta hadharani, tena kwa vina. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali na ambaye hakupita chuo kikuu chochote, alikuwa miongoni mwa waliochapisha mashairi yao humo. Kwa watu wengi wa kizazi kile, gazeti ndilo lililokuwa darasa la utunzi.

Mwaka 1954 darasa hilo likapata kitabu chake. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ambaye baadaye angekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Tazama jina hilo vizuri. Ni sheria za kutunga, si sheria za kuchambua. Na hakuishia kwenye sheria, aliweka na diwani yake mwenyewe humo humo, kama fundi anayekuonyesha randa halafu akakuonyesha na meza aliyoiranda. Vina, mizani na mishororo tunavyowakaririsha wanafunzi leo, kwake vilikuwa vifaa vya kazi.

Sasa watu husema sheria hizo zinambana mwanafunzi, zinaua ubunifu. Mimi naona vingine, na nitatoa mfano mdogo niliotunga mwenyewe. Mpe mwanafunzi mshororo huu wa mizani 16:

Siku ya leo sokoni, bei zimepanda tena.

Mwambie aendelee, kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -na. Huenda akaandika: "Mama arudi nyumbani, na kikapu tupu sana." Mizani imetimia, vina vimetimia, alama zote anapata. Lakini mwulize: kikapu kinaweza kuwa tupu "sana"? Si kikiwa tupu ni tupu tu? Atacheka. Ameweka "sana" kwa sababu kina kilimdai. Basi arudi akatafute. Atazunguka na maneno yake kumi, mengine hayaingii, mengine yanaingia ila hayasemi kitu, mpaka afike hapa:

Mama arudi nyumbani, kikapu kinaning'ina.

Neno "tupu" limeondoka, na utupu ndio umeonekana. Kikapu chepesi kinaning'inia mkononi, hakina cha kukivuta. Mwanafunzi huyo hakufundishwa nadharia yoyote ya taswira. Kilichomfikisha pale ni ubahili wa mizani nane na kina kisichokubali uvivu. Somo hilo ataondoka nalo hata akienda kuandika hadithi ya kurasa 20: neno la kujazia nafasi litamkera.

Kwa hiyo tulipotelea wapi? Nadhani safari ilianza kubadilika baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mathias Mnyampala, mshairi kutoka Ugogo, aliipa nguvu ngonjera: shairi la majibizano linaloghaniwa na watu wawili au zaidi, mjinga na mwerevu, mwanafunzi na mwalimu. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, na shule nyingi za Tanzania zikawa na ngonjera yao ya kumpokea mgeni rasmi. Sidharau mchango huo. Watoto waliupata mdundo wa mizani masikioni kabla hawajaujua kwa jina. Ila majibizano yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Mjinga alijua lazima ataelimika kufikia ubeti wa mwisho, na maneno yenyewe mara nyingi yaliandikwa na mwalimu. Mtoto alipewa sauti, hoja hakupewa.

Kisha ukaja mgogoro wa mashairi huru. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na wahafidhina wakauliza kama mambo yasiyo na vina yanastahili kuitwa mashairi. Ulikuwa mjadala mkali na wenye afya, kwani washairi wenyewe ndio waliobishana, kalamu mkononi. Uliposhuka madarasani ukageuka swali la mtihani: taja tofauti kati ya ushairi wa kimapokeo na wa kisasa. Ugomvi wa watunzi ukawa jedwali lenye safu mbili.

Sisemi uchambuzi ufutwe. Msomaji mzuri lazima ajue kufungua shairi. Lakini mtihani unapouliza ubeti una mishororo mingapi na hauulizi mwanafunzi angesema nini, mwalimu mwenye darasa la watoto 60 atafundisha kinachoulizwa. Matokeo yake tunayaona kwenye insha: methali zilizokaririwa, jua linalochomoza kwa maneno yale yale kutoka shule hadi shule, na mwandishi mwenyewe haonekani popote.

Dawa haihitaji bajeti. Mwalimu anayefundisha Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib anaweza kutenga dakika 15. Chukueni mistari miwili, ongezeni mitatu yenu: hiyo ni takhmisi. Wiki ijayo, mwenye duka amjibu mteja, mwenzako amjibu mwenye duka: hayo ni malumbano ya Mambo Leo. Na kwa anayebanwa mno na vina, aandike huru, mradi kila neno alitetee mbele ya wenzake.

Watakaotoka hapo si wote watakuwa malenga, wala hatuhitaji wawe. Watakuwa watu waliowahi kulitafuta neno wakalipata, na mtu akishaonja hilo mara moja, karatasi tupu haimtishi tena kama zamani.