Rwenzori na Waliobeba Mizigo

Mei 1906, Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme wa Italia alishuka melini Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, akavuka ziwa hadi Entebbe, kisha msafara wake ukashika njia ya miguu kuelekea Fort Portal. Tarehe 18 Juni alifika kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Rwenzori, mita 5,109, akakiita Margherita, jina la malkia wa kwao. Kilele jirani kikaitwa Alexandra, na milima yenyewe ikaitwa Stanley, Speke na Baker.

Lakini bonde la Mubuku, alilopitia kupanda, lilikuwa na wenyewe. Wakonzo waliwinda pimbi huko juu na kulala chini ya miamba; theluji kwao ilikuwa makao ya mungu wao Kitasamba. Mizigo ya Waitaliano ilifika pango la Bujongolo migongoni mwa Wakonzo. Kwangu mimi, historia ya kupanda Rwenzori inaanza na migongo hiyo.

Ndiyo maana mwaka 1987 una uzito kuliko 1906. Mwaka huo Wakonzo walianzisha Rwenzori Mountaineering Services, shirika lao la kuongoza wageni. Serikali ya Uganda ilipoitangaza milima hiyo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, takriban kilomita za mraba 1,000, uwindaji ulikatazwa, na kazi ya kuongoza wageni ikawa riziki halali iliyobaki huko juu. Nayo ilikatika: waasi wa kundi la ADF waliingia milimani, hifadhi ikafungwa kuanzia 1997 hadi 2001.

Leo njia ya mzunguko wa kati, kutoka Nyakalengija na kurudi, huchukua kama wiki nzima. Milima hii inajulikana kwa matope yake. Mgeni huvaa mabuti ya mpira, akapita misitu ya mianzi, lobelia na senesio zinazompita mtu kimo, na kinamasi cha Bigo. Usiku mmoja hulala katika kibanda cha John Matte, chenye jina la Mkonzo.

Juu kabisa, barafu inakwisha. Wakati wa Luigi Amedeo ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 haikufika hata moja. Waongozaji wanaofunga wageni kamba leo hukanyaga mwamba mtupu mahali ambapo babu zao waliacha theluji.