Aliyehesabu na Aliyekisia

Somo letu leo latoka Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7. Wakorintho walimwandikia Mtume Paulo kumwuliza mambo ya ndoa. Angalieni alivyowajibu. Palipokuwa na neno la Bwana alisema ni la Bwana. Alipofika kwa habari za wanawali alikiri kwamba hana amri, akatoa shauri, akaliita shauri. Mtume mzima! Nasi tusio mitume twayachanganya.

Chukueni habari za Kibera. Kwa miaka mingi ilitangazwa kwamba mtaa ule una watu milioni moja, na kwamba ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Neno lilikwenda kinywa hata kinywa, kila mmoja akimtegemea mwenziwe. Ikaja sensa ya mwaka 2009. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2010, Kibera ilionekana na watu 170,070. Wako waliobisha, na kweli, sensa yaweza kuwaruka watu, hasa penye vyumba vilivyobanana na wapangaji wanaohamahama. Lakini kutoka hapo hadi milioni si watu wachache waliosahauliwa uani.

Twajua wengi walioitaja milioni ile walikuwa na huruma. Hata hivyo, mwenye kupanga vyoo na mabomba ya maji akipewa makisio yaliyovikwa nguo ya hesabu, atapangaje?

Tutoke Kibera twende Kawangware, maana jambo hili ni la nyumbani pia. Kijana amefika kutoka Busia kutafuta kazi, amwuliza mjomba wake apange chumba hapo Kawangware au Kibera. Mjomba ajibu mara moja: "Kibera hakukaliki, wezi watupu." Amelala Kibera siku ngapi? Hata moja. Kijana habishi, kwa kuwa aliyesema ni mjomba. Apata kibarua Industrial Area, ambako watu wa Kibera huenda kwa miguu kila alfajiri. Yeye nusu ya ujira wake yaishia kwenye matatu.

Mjomba hakukatazwa kuogopa, wala kumwonya mpwawe. Angesema tu: "Kodi ya hapa naijua, ya kule siijui. Habari za wezi nimezisikia, nami naogopa." Kijana angevaa viatu Jumamosi akaenda kujionea.