Chemsha Bongo Iliyopikwa

"Kitendawili!"

"Tega!"

Ndugu msomaji, mchezo huu unaufahamu tangu utotoni. Bibi anatega, ninyi mnajibu. Mkishindwa mnampa mji, anakwenda zake kutamba huko, kisha anarudi kuwapa jibu. Sheria ni hiyo tu, wala haijaandikwa popote. Anayejua anajulikana, asiyejua anatoa mji, na hakuna anayenuna kwa kuwa wote mlianzia gizani.

Sasa hebu nikuulize. Itakuwaje iwapo mtegaji alikwisha kumnong'oneza mmoja wenu jibu tangu jana? Na itakuwaje iwapo yule anayelijua kwelikweli ameamriwa ajifanye hajui, atoe mji mbele ya watu? Mambo haya sikuyaota. Yalitokea Marekani katika miaka ya 1950, kwenye televisheni, na taifa zima lilikaa sebuleni likashangilia.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1940 redio za huko zilianza kutangaza kipindi cha maswali ambacho zawadi yake kubwa ilikuwa dola 64. Ukijibu swali la kwanza unapata dola moja, la pili mbili, la tatu nne, hivyo hivyo zikijirudufu mpaka juu. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vipindi vya kutoa zawadi namna hiyo si kamari. Mlango ukawa wazi. Tarehe 7 Juni 1955 kampuni ya televisheni ya CBS ikauchukua ule mchezo wa redio na kuuongezea sifuri tatu. Kipindi kikaitwa The $64,000 Question, na mdhamini wake alikuwa Revlon, watengenezaji wa vipodozi.

Watu walikipenda kupita kiasi, na sababu yake naielewa. Walikuwa wakiona binadamu wa kawaida akijua kitu ambacho hukumtegemea akijue. Kapteni wa jeshi, Richard McCutchen, alijibu maswali ya mapishi mpaka akazoa dola 64,000. Joyce Brothers, mwanamama msomi wa saikolojia, alijibu maswali ya ndondi. Mshiriki alifungiwa ndani ya kibanda kisichopenyeza sauti ili asisikie jibu kutoka kwa mtu yeyote. Maswali yaliletwa na ofisa wa benki akiwa na walinzi. Walinzi, bwana! Kumbe ulinzi wote ule ulikuwa wa mlango wa mbele.

Mwaka uliofuata, NBC nao wakaja na chao. Kiliitwa Twenty-One, kikaanza Septemba 1956. Washiriki wawili, kila mmoja kibandani mwake, walichagua ugumu wa swali kuanzia pointi 1 hadi 11, na wa kwanza kufika 21 ndiye mshindi. Siku ya kwanza walicheza kwa haki kabisa. Matokeo yake? Kipindi kilidoda. Washiriki walikosea swali baada ya swali, watazamaji wakachoka. Mdhamini, kampuni ya dawa iliyouza Geritol, akaja juu. Mtayarishaji Dan Enright na mwenzake Jack Barry, ambaye ndiye aliyekuwa mtangazaji, waliuelewa ujumbe. Kuanzia hapo chemsha bongo ikaanza kupikwa.

Mtu wao wa kwanza mkubwa alikuwa Herbert Stempel, kijana wa Queens, New York, aliyekwisha kupita jeshini na wakati huo akisoma City College. Huyu jamaa alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, kichwa chake kilikuwa kabati la vitabu. Pamoja na hayo walimpa maswali na majibu mapema. Si hivyo tu. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye mwenyewe, walimvisha suti kuukuu isiyomkaa sawasawa, wakamnyoa nywele kama mwanajeshi, wakamvalisha saa ya bei rahisi inayogonga kwa sauti. Walimfundisha hata kupangusa jasho: asilifute, aliguse-guse kwa kitambaa. Alitakiwa amwite mtangazaji "Bwana Barry" kwa unyenyekevu, wakati wengine walimwita Jack.

Unaona, msomaji? Hawakutafuta mtu anayejua. Walimtafuta mhusika. Maskini mwenye akili nyingi, asiye na bahati ya sura. Na kila mhusika wa namna hiyo anahitaji mpinzani.

Mpinzani alipatikana. Charles Van Doren alikuwa akifundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kijana mrefu, mtanashati, mpole wa maneno. Baba yake, Mark Van Doren, alikuwa mshairi aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1940, na ami yake Carl aliipata mwaka mmoja kabla. Kwa mujibu wa ushahidi alioutoa baadaye, mtayarishaji Albert Freedman alimweleza kwamba kipindi ni burudani tu, kwamba kuwasaidia washiriki ni jambo la kawaida, na kwamba akikubali atawatendea wema walimu wote, kwa vile taifa litaiheshimu elimu. Akasitasita, akakubali. Freedman akamfundisha mahali pa kunyamaza, mahali pa kugugumia, swali gani aliruke kwanza halafu alirudie kana kwamba jibu limemjia kwa shida.

Hapa lazima nikiri jambo. Nilipolisoma hilo la "kuitumikia elimu" sikuweza kucheka. Usiku mmoja kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, karatasi ya somo moja iliingia bwenini kwetu. Aliyeileta alisema maneno ya namna ile ile: kila mtu anaiangalia, mtaumia ninyi wajinga, hata mwalimu atafurahi darasa likifaulu. Niliiangalia. Sikuiangalia sana, lakini niliiangalia. Somo lile nilikuwa nalipenda na nililisoma mwaka mzima. Nikafaulu vizuri. Mpaka leo sijui alama ile ni yangu au ni ya karatasi, na hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia. Hiyo ndiyo adhabu yake. Hukupewa jibu tu, umenyang'anywa uwezo wa kujua kama ulikuwa nalo.

Turudi New York. Baada ya wiki kadhaa za kutoka sare, sare zilizopangwa, Stempel aliambiwa zamu yake imekwisha. Tarehe 5 Desemba 1956 aliulizwa: filamu gani ilipata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955? Jibu ni Marty, hadithi ya muuza nyama mpweke wa Bronx. Stempel alikuwa ameitazama mara tatu. Aliipenda. Aliwasihi wasimfanyie hivyo kwa filamu hiyo, wakakataa. Akasimama kibandani, jibu liko kwenye ncha ya ulimi, akataja On the Waterfront, filamu iliyoshinda kwa mwaka wa 1954. Mtu mwenye kumbukumbu ile alilazimishwa kuonekana mbumbumbu kwa kitu alichokijua kuliko wote waliokuwa wakimtazama.

Van Doren akatawazwa. Februari 1957 sura yake ilikuwa juu ya gazeti la Time. Mwezi Machi akaondolewa na mwanasheria Vivienne Nearing, baada ya kushindwa kumtaja mfalme wa Ubelgiji, Baudouin. Aliondoka na dola 129,000 na kazi NBC. Stempel alibaki na dola 49,500 na uchungu. Akazunguka kwenye magazeti akieleza yote. Waliogopa kuchapisha, maana ushahidi hakuwa nao, na nani angemwamini aliyeshindwa?

Uongo una miguu mifupi. Agosti 1958 kipindi kingine, Dotto, kilifungwa ghafla. Mshiriki aliyekuwa akisubiri zamu yake alikuwa ameliona daftari la mwenzake, na ndani yake mlikuwa na majibu. Sasa Stempel akasikilizwa. Mwendesha mashtaka wa New York akaitisha jopo la raia kuchunguza. Mashahidi kama 150 walikula kiapo, na Joseph Stone, aliyeongoza uchunguzi huo, alikadiria kwamba kama 100 kati yao walisema uongo. Watu mia moja! Walimu, wanasheria, wasomi wa watu, wakiilinda michezo ya televisheni.

Mwaka 1959 kamati ndogo ya Bunge la Marekani ikaishika kesi. Msanii James Snodgrass aliwamaliza wakubwa kwa akili nyepesi kabisa. Mwaka 1957, kabla ya kuingia kibandani, alikuwa akiyaandika maswali na majibu aliyopewa, akajitumia mwenyewe kwa barua za rejista. Bahasha zikafunguliwa mbele ya wabunge, na mhuri wa posta ulionyesha tarehe ya kabla ya kipindi. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren naye akasimama na kukiri kila kitu. Columbia wakakubali kujiuzulu kwake, NBC wakamfukuza.

Jambo la kushangaza ni kwamba kupika chemsha bongo hakukuwa kosa la jinai. Hakuna sheria iliyokataza. Mwaka 1960 ndipo sheria ya mawasiliano iliporekebishwa na kulifanya kosa. Walioadhibiwa, Van Doren akiwemo mwaka 1962, walitiwa hatiani kwa kudanganya chini ya kiapo, na hawakufungwa. Barry na Enright walikaa pembeni miaka mingi, halafu katika miaka ya 1970 wakarudi kutengeneza vipindi vya maswali kama kawaida.

Kuna kichekesho kimoja kilichotoka kwenye majivu hayo. Miaka michache baadaye Merv Griffin alikuwa akitafuta wazo la kipindi kipya, lakini hakuna aliyeziamini tena chemsha bongo. Mkewe, Julann, akamwambia: basi wape majibu, wao watafute maswali. Ndipo Jeopardy! ilipozaliwa, mwezi Machi 1964.

Nimeiandika habari hii kwa ajili yetu sisi tunaojifunza kutunga. Wale mabwana wa Twenty-One walikuwa watunzi, tena si wabaya. Walijenga mhusika, wakampa saa inayogonga, wakampa mpinzani, wakachelewesha jibu mpaka watu wakashika roho mkononi. Kazi yetu ni hiyo hiyo. Tofauti ni moja. Msomaji akifungua riwaya anajua ninamtungia, tumekubaliana kama tunavyokubaliana na bibi kwenye kitendawili. Wao waliuza riwaya wakaiita kweli, na wahusika wao walikuwa watu wenye majina, wenye wake na watoto, ambao hadithi ilipokwisha walipaswa kuendelea kuishi.

Van Doren alifariki Aprili 2019, akiwa na umri wa miaka 93. Stempel alifariki Aprili 2020, naye akiwa na miaka 93. Hata umri walitoka sare, na safari hii hakuna aliyepanga.

Wewe unayenisoma, siku ukiulizwa filamu bora ya mwaka 1955, usigugumie. Sema Marty. Mwenye jibu lake hakuruhusiwa kulisema.