Nani Athibitishe? Mgambo wa Dutwa, Vita vya Kagera na Mzigo wa Ushahidi

Ikisiri

Makala haya yanajadili ombi la watu waliopigana Vita vya Kagera (1978–1979) wakiwa mgambo, wanaotaka utumishi wao utambuliwe kabla hawajafa. Kwa kuitazama Dutwa, wilayani Bariadi, makala yanadai kwamba kinachokwamisha ombi hilo ni kuchanganya heshima na malipo kuliko uhaba wa fedha. Mambo hayo mawili yakitenganishwa, heshima inaweza kutolewa kwa ushahidi wa wenzao na wa kijiji, na mzigo wa kuthibitisha kinyume ukabaki kwa dola.

Utangulizi

Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao mnarani, kisha hufuata sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua, na viongozi wa dini huomba dua. Ni heshima kubwa, lakini inatolewa kwa wote kwa jumla, na hasa kwa waliokufa. Mtu aliye hai anayesema "nami nilikuwepo" hana nafasi yake katika utaratibu huo, isipokuwa awe na karatasi.

Tumchukue mtu wa mfano: kijana wa Dutwa aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1978. Alipitia mafunzo ya mgambo, akaitwa, akavuka mpaka, akarudi kwenye pamba na ng'ombe wa baba yake. Leo ni mzee wa miaka kama sabini. Akienda ofisini kuomba atambuliwe, swali la kwanza ni la halali kabisa: una cheti gani? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo, pamoja na uhalali wake, linaulizwa kwa mtu asiyestahili kuulizwa.

Mgambo hawakuwa wasindikizaji

Mgambo walitokana na uamuzi wa kisiasa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliandikwa baada ya Guinea kuvamiwa Novemba 1970 na Idi Amin kutwaa madaraka Uganda Januari 1971. Somo lililotolewa ni kwamba jeshi peke yake halitoshi, na kwamba ulinzi ni kazi ya mwananchi. Kwa hiyo vijijini watu walifundishwa gwaride na shabaha miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza kulia Kagera.

Majeshi ya Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vipo, mpango ule ulijaribiwa kwa vitendo. Takwimu zinazotajwa mara nyingi zinaonyesha kwamba Jeshi la Wananchi lilipanuka kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Waliobaki walitoka JKT, Polisi, Magereza na kwingineko.

Wapo wanaodhani mgambo walibeba masanduku ya risasi na kulinda madaraja tu. Mapigano ya Lukaya, Machi 1979, yanatosha kuondoa dhana hiyo. Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa mgambo wasiowahi kuona vita, ndiyo iliyokuwa mbele kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala wakati wanajeshi wa Libya na wa Amin waliposhambulia kwa makombora. Brigedi hiyo ilivurugika na kurudi nyuma. Lakini ilijipanga upya usiku, na kesho yake ikashambulia kutoka mbele huku Brigedi ya 208 ikipiga kutoka ubavuni. Ushindi huo ulifungua njia ya Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili. Vita viliendelea hadi mpaka wa Sudan ulipofikiwa mwanzoni mwa Juni.

Wenzao waliobaki jeshini waliendelea kujaza majalada: namba, cheo, uhamisho, kiinua mgongo. Mgambo aliyerudi shambani alimaliza utumishi wake siku aliyokabidhi bunduki. Jalada la utumishi wa miezi michache haliwezi kunenepa kama la miaka ishirini, hata kama miezi hiyo ndiyo iliyokuwa ya hatari kuliko yote.

Mipaka inayohama

Mwaka 1978 Dutwa ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Hivyo mzee wetu hakuhama, ila serikali iliyomwita ndiyo iliyogawanywa na kupangwa upya juu ya ardhi ileile. Orodha ya walioitwa, kama ilitunzwa, ilitunzwa na mamlaka zilizokwisha kubadilika sura. Upande wa mzee, cheti kilikaa kwenye sanduku la bati ndani ya nyumba iliyoezekwa nyasi, kikishindana na mchwa, panya na mvua. Kumdai yeye ndiye awe mtunza nyaraka wa taifa ni kugeuza mambo.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ina kanuni mbili zinazofaa kukumbukwa hapa. Ya kwanza, katika kifungu cha 110, ni kwamba anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Ya pili, katika kifungu cha 115, ni kwamba katika mashauri ya madai, jambo ambalo mtu fulani analijua kwa namna ya pekee, yeye ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Ombi la kutambuliwa si kesi ya mahakamani, lakini mantiki ya kanuni ya pili inalihusu moja kwa moja. Nani alijua kwa namna ya pekee ni akina nani walioitwa, wakapewa silaha na kupelekwa mstari wa mbele? Ni aliyewaita.

Ufagio wa Mwanza

Tatizo la askari asiye na karatasi si geni Kanda ya Ziwa. Mwandishi Charles Miller, katika kitabu chake kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia Afrika Mashariki, anasimulia kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari Waafrika waliokuwa chini ya Jenerali Lettow-Vorbeck. Ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 walijitokeza, na wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Mtu wa benki aliyekuja na fedha akapata wazo: kila mzee alikabidhiwa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kama kichekesho, lakini kina kanuni ya kiutawala ndani yake. Mlipaji alikubali kwamba upungufu wa karatasi ni wake pia, akatafuta ushahidi mwingine ambao mdanganyifu hawezi kuukopa kwa jirani. Mwili uliofundishwa haukusahau amri za nusu karne iliyopita.

Marekani ilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Serikali haikuwaambia wenye majalada hayo kwamba utumishi wao umeungua pamoja na karatasi. Iliunda utaratibu wa kukubali ushahidi mbadala: hati za malipo, rekodi za hospitali, barua za wakati ule, na maelezo ya kiapo ya wenzao waliotumikia nao.

Dutwa haihitaji kuiga mbali sana. Sungusungu walioenea Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kipindi cha wizi wa mifugo na silaha zilizozagaa baada ya vita, walianza bila hati yoyote ya serikali. Vijiji viliwajua kwa majina, vikawachagua na kuwawajibisha hadharani. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu nafasi ya kisheria. Dola basi ilikwisha kukubali, tena kupitia sheria zilezile za mgambo, kwamba kijiji kinaweza kumjua mlinzi wake kabla ya karatasi.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni udanganyifu, na lina nguvu. Mwaka 1997 Zimbabwe iliahidi kila mpiganaji wa ukombozi dola za nchi hiyo 50,000 pamoja na pensheni. Ahadi hiyo ilitolewa kwa shinikizo la kisiasa, baada ya mfuko wa fidia za waathirika wa vita kugubikwa na madai ya uongo, na tarehe 14 Novemba sarafu ikaporomoka. Lakini tuangalie kilichovutia wadanganyifu. Ilikuwa fedha nyingi kwa mkupuo. Cheti na nishani visivyobeba malipo yoyote havina soko kubwa la walaghai, na katika kijiji ambamo kila mtu anajua nani aliondoka mwaka ule na nani alibaki, kudanganya kunagharimu aibu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wazee wenyewe: heshima bila fedha inajaza tumbo la nani? Haki ya kudai malipo haifutwi na hoja hii. Malipo yatakuwa na masharti yake na uchunguzi mkali zaidi, kama inavyostahili fedha ya umma. Lakini taifa lisilojua waliobaki ni wangapi, wako wapi na wana hali gani haliwezi hata kupanga bajeti yao. Wazee wa Mau Mau wa Kenya walipofikia mapatano na Uingereza mwaka 2013, walalamikaji 5,228 na pauni milioni 19.9, nguvu kubwa ya shauri lao ilitokana na majalada ya Waingereza wenyewe yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park. Kwanza ukweli uliandikishwa na kukubaliwa, kisha hesabu ikafuata.

Hitimisho

Utaratibu unaopendekezwa hapa hauhitaji ofisi mpya. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo. Afungue daftari kwa kila kata. Mwombaji aeleze alikofundishwa, kikosi chake, makamanda wake na njia aliyopita. Wenzake wawili wathibitishe, na maelezo hayo yalinganishwe na historia ya vikosi inayojulikana. Majina yasomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, na yabandikwe kwa muda uliowekwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Jeshi likiwa na rekodi inayomkanusha mwombaji, liilete. Lisipoileta, mtu apewe cheti chake, na Siku ya Mashujaa ijayo aitwe kwa jina wilayani.

Uharaka wa jambo hili unatokana na aina ya ushahidi wenyewe. Karatasi iliyopotea inaweza kuonekana miaka mia baadaye, lakini shahidi aliyelala kwenye handaki moja na mwombaji ana muda wa kuishi kama mtu mwingine yeyote. Kila mwaka unaopita bila daftari unadhoofisha upande wa mzee na kuupunguzia upande wa serikali deni lake, bila serikali kulipa chochote. Mdaiwa anayenufaika kwa kuchelewa hawezi kuachiwa peke yake apange siku ya kulipa.